Nairobi hadi New York: kikokotoo kilisema saa 13, tiketi ikasema 15

Nilipokuwa napanga kwenda kumwona binti yangu New York, nilijaribu kikokotoo kimoja cha bure mtandaoni, vile unaandika viwanja viwili vya ndege kinakupa umbali na muda. JKIA hadi JFK: karibu kilomita 11,800, saa 13. Kilomita sina neno nazo. Lakini tiketi ya Kenya Airways ya moja kwa moja ilionyesha kama saa 15 kwenda na saa 14 na ushei kurudi, na kikokotoo hata ukigeuza viwanja jibu ni lile lile.

Kumbe hesabu yake ni ya darasa la nne: umbali gawanya kwa kilomita 900 kwa saa, basi. Upepo hakiujui. Huko juu ya Atlantiki ya Kaskazini unavuma kwa nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki. Mkienda Marekani mnapambana nao, mkirudi upepo huo unawasukuma. Na ule mstari kinaouchora unakatiza Darfur, wakati tangu vita vya Sudan vilipozuka Aprili 2023 ndege nyingi zinaikwepa anga hiyo. Kuzunguka nako kunakula dakika.

Ndani ya ile Boeing 787 nilikuwa nikichungulia ramani kwenye skrini ya kiti. Tukiwa juu ya bahari, kasi ilishuka chini ya kilomita 800 na saa ya kufika ikasogea mbele. Jirani yangu, mama mmoja wa makamo aliyekuwa amejifunga leso miguuni kwa baridi, akaniuliza, "Kwani tumesimama?" Wakati wa kurudi, skrini hiyo hiyo ilipita 1,000.

Je, inafaa kulipia zaidi safari ya moja kwa moja? Kwangu mimi, ndiyo, hasa kama unasafiri na mzee au mtoto. Kupitia Dubai kwanza unarushwa mashariki, kama saa tano, ndipo ugeuke kwa nyingine 14 hivi, na hapo hujahesabu kukaa uwanjani ukilinda mkoba. Kama bei ndiyo inayokubana, pitia huko, miguu itavumilia.

Jambo jingine ambalo kikokotoo kilininyima ni saa za huko. New York iko nyuma yetu kwa saa 7 wakati wa kiangazi chao na 8 wakati wa baridi. Ndiyo maana unaondoka Nairobi usiku wa manane na kushuka asubuhi, ukidhani umelala usiku mmoja tu mrefu. Kurudi ndiko kubaya: unapanda mchana, unashuka JKIA asubuhi ya kesho yake, na usingizi unakujia saa nane mchana wageni wakiwa sebuleni.

Nyota tatu kwa kikokotoo, zote za kilomita. Wa kukuchukua uwanjani mpe saa iliyo kwenye tiketi.