Ukaguzi wa saa za kifahari kwa fundi wa karibu na Nyerere Square, Dodoma

Kwa anayetaka kununua saa ya kifahari iliyokwisha kutumika hapa Dodoma, ukaguzi wa fundi mmoja mwenye kibanda karibu na Nyerere Square unastahili gharama yake, hasa kwa sababu fundi huyo haichukulii namba ya utambulisho kuwa hati ya uhalali. Wauzaji wengi hudai kwamba namba "imesoma" kwenye intaneti, dai lisilothibitisha kitu, kwa kuwa mtengenezaji wa saa bandia anaweza kunakili namba moja halisi na kuichonga kwenye saa mia.

Nilimpelekea Rolex Submariner ya modeli 16610, ambayo muuzaji aliisema ni ya katikati ya miaka ya 1990. Fundi alianza kwa kuuvua mkanda, kwani katika saa za wakati huo namba ya modeli huchongwa ubavuni upande wa juu na namba ya utambulisho upande wa chini, zote zikifichwa na mkanda. Ni baadaye tu, kati ya 2005 na 2008 hivi, ndipo namba ya utambulisho ilipohamia kwenye pete ya ndani chini ya kioo. Chini ya lenzi mistari ya namba hizo ilikuwa mikali na yenye kina, tofauti na ile ya saa nyingi bandia, ambayo huonekana kama chembe za mchanga kwa kuwa imechomwa kwa tindikali.

Namba ilianza na herufi W, ambayo wakusanyaji huihesabu kuwa ya 1995 hivi. Hapo ndipo alipoonyesha ufundi wake, kwa kuuliza kama uso wa saa unakubaliana na umri huo. Uso wa 1995 ungebeba chini kabisa maandishi "SWISS – T<25", alama ya rangi ya tritiamu inayong'aa gizani. Huu uliandikwa "SWISS MADE" tu, kama nyuso zilizofuata baada ya tritiamu kuachwa mwishoni mwa miaka hiyo. Akafungua mfuniko wa nyuma, akaikagua mashine, kisha akasema kwamba saa ni halisi lakini uso umebadilishwa, pengine katika matengenezo. Kwa mkusanyaji, tofauti hiyo ni fedha nyingi.

Kasoro zipo. Hatoi ripoti ya maandishi, wala hachunguzi kama saa imeibwa, kazi ambayo mnunuzi ataifanya mwenyewe kwa malipo kupitia The Watch Register ya London, hifadhidata ya saa zilizoibwa au kupotea. Kwa saa za kampuni ya Patek Philippe alikiri waziwazi kwamba ni afadhali kuomba dondoo ya kumbukumbu za kampuni yenyewe.

Nililipa shilingi 50,000. Hafungui saa bila mwenye nayo kuwapo, kwa hiyo nenda na muuzaji, tena asubuhi, kabla foleni ya wanaobadilisha betri haijajaa.