Tathmini ya Sanduku la Kiroho la Kila Mwezi

Kwa miezi mitatu nimekuwa nikipokea sanduku la vifaa vya kiroho linalouzwa mtandaoni kwa malipo ya kila mwezi, na naona ni haki kuwaeleza wanaofikiria kujiandikisha mambo niliyoyakuta ndani yake. Kila sanduku huwa na kitita cha majani makavu ya kufukiza, mawe mawili au matatu yaliyong'arishwa, mshumaa, na kijitabu kinachoahidi kwamba vitu hivyo husafisha nishati ya chumba na ya mtu.

Majani ndiyo yaliyonisumbua zaidi. Ni ya seji nyeupe, mmea ambao kwa asili huota kusini mwa California na kaskazini mwa Baja California nchini Meksiko tu, na ambao jamii za wenyeji wa huko zimeutumia kwa tiba na ibada tangu enzi za mababu zao. Jamii hizohizo ziliwahi kukatazwa ibada zao, na sheria ya Marekani ya kulinda uhuru wao wa dini ilipitishwa mwaka 1978. Leo mmea huo huchumwa porini kwa wizi ili kutosheleza wanunuzi kama mimi. Kijitabu hakiitaji jamii hata moja, wala hakisemi iwapo majani yalilimwa. Niliwaandikia wauzaji kuwauliza, nao hawakunijibu.

Jiwe la manjano liliandikwa kuwa ni sitrini halisi. Sitrini ya asili ni adimu, na nyingi iliyoko sokoni ni ametisti iliyopashwa moto mkali hadi zambarau yake ikageuka. Langu lilikuwa na rangi ya chungwa iliyokolea nchani na weupe shinani, dalili ambayo wajuzi wa mawe huitambua mara moja. Ni jiwe zuri hata hivyo, lakini mnunuzi anastahili kuambiwa ukweli. Mshumaa hauna kasoro.

Sanduku la tatu lilikuja na kozi ya video ya saa mbili, ambayo mwishoni humpa mtu cheti cha ualimu wa Reiki, yaani tiba ya kiroho ya kumwekea mtu mikono. Sidai kwamba fedha ni jambo geni katika mafundisho haya yaliyoanzishwa na Mikao Usui nchini Japani mwaka 1922, kwani Hawayo Takata, aliyeyapeleka Hawaii, alitoza dola 10,000 kwa daraja la ualimu. Lakini Takata aliketi na wanafunzi wake ana kwa ana, akawafundisha walimu 22 tu hadi alipofariki mwaka 1980, na kila mmoja wao alijua alipokea mafunzo kutoka kwa nani. Katika video hiyo mkufunzi hatajwi jina. Mimi ni mtu ninayekaa kimya kutafakari kila alfajiri na ninayeuthamini sana utulivu huo, kwa hiyo iliniuma kuona cheti cha kuwahudumia wagonjwa na wenye huzuni kikitolewa kwa urahisi kiasi hicho.

Ninalipatia sanduku hili nyota mbili kati ya tano. Anayejiunga ajue pia kwamba ukurasa wao una kitufe cha kujiandikisha lakini hauna cha kujitoa. Mimi nililazimika kuandika barua pepe nne kabla malipo hayajasitishwa.