Uzoefu wangu: bampa ya kuagiza niliyofunga kwenye Crown Victoria ya dabi ya kubomoana

Wadau habari zenu, kuna watu wananiuliza sana hii bampa nimeitoa wapi na kama inafaa hela yake, ngoja niandike yote hapa.

Kwa asiyejua, huku Iowa, Marekani, kila kiangazi kaunti zinakua na maonyesho yao, yaani kama Nane Nane yetu, mifugo, matrekta, vyakula, halafu jioni wanamwagia maji uwanja wa udongo magari yanaingia yanagongana mpaka libaki moja linalotembea, hiyo ndo dabi ya kubomoana. Vioo vyote vinatolewa, tenki la mafuta linahamishiwa ndani nyuma ya siti, na kumgonga mtu makusudi mlango wa dereva ni marufuku. Crown Victoria, zile sedani kubwa za Ford, zinapendwa kwasababu zina chesisi kamili chini ya bodi na ziliendelea kutengenezwa hadi 2011, nyingi zilikua za polisi na teksi, kwahiyo iliyochoka unaipata.

Shida yake ni mbele. Ukivua ile plastiki ya nje unakuta boriti nyepesi tu, ukigonga mara ya kwanza imeshakunjika na nyuma yake ni rejeta, na rejeta ikitoboka injini inachemka na umetoka. Ndo maana watu wanatafuta bampa za Chrysler za miaka ya 70 zenye pua iliyochongoka, chuma kizito kwelikweli, maana kuanzia 1973 sheria ya Marekani ilitaka bampa ya mbele ihimili kugonga kwa maili 5 kwa saa. Sasa hivi hizo za asili ni adimu na wenye nazo wanajua bei yake, kwahiyo gereji za kuchomelea zinatengeneza za kufanana kwa bamba la chuma, na mimi niliagiza moja ya hivyo.

Kiukweli bampa yenyewe nimeipenda sana. Bamba la robo inchi, imenyooka, pua imekaa katikati, mwishoni imefunikwa vizuri, na kuibeba ni watu wawili na mnahema. Upande wa nje alama za kuchomelea zimeiva, hakuna matundu. Ndani ndo sikufurahi, walichomelea vipande vipande wakaacha mapengo marefu kati, nikapitisha mwenyewe mstari mzima kwa rodi za kuchomelea za 7018 (hizi ziweke pakavu jamani, zikishika unyevu chuma kinapasuka baadae).

Sehemu mbaya kabisa ni miguu ya kufungia. Waliniambia inaingia kwenye Crown Victoria moja kwa moja, haikuingia, matundu hayalingani na ncha za chesisi. Nikaachana na hiyo miguu, nikaamua kuichomelea bampa moja kwa moja kwenye chesisi. Na hapa ndo nataka watu wanielewe, bampa inaweza kua nzito kama reli lakini kinachoamua ni pale inapokutana na chesisi. Nilikata ncha zote mbili za chesisi zikawa sawasawa, nikapima kutoka chini pande zote gari likiwa limesimama kwenye matairi yake, sio kwenye jeki, kwasababu huo uzito unashusha springi za mbele. Halafu nikaikalisha katikati ya kimo cha chesisi. Ikikaa juu, ukigonga inalala nyuma kwenye rejeta, ikikaa chini inajikunja kuingia chini ya gari. Nikaishikiza kwa pointi ndogo kwanza, nikapima tena, ndo nikachomelea kote kuzunguka, nikaongeza vibamba pembeni kwa ukubwa unaoruhusiwa na mnyororo kutoka kwenye bampa hadi kwenye bodi, ili hata ikikatika isianguke uwanjani.

Kama wewe unafungia bampa ya zamani yenye shokomzoba zake, tafadhali sana, zile zina gesi na mafuta ndani. Toboa kwa drili kwanza zitoe presha, uso uwe pembeni na miwani umevaa, kabla hujasogeza moto wowote. Ikipashwa moto ikiwa imejaa inalipuka na inaua. Na ile kromu isage kwa grainda kabla ya kuchomelea, vaa barakoa ya moshi na fungua mlango wa gereji, moshi wake ni sumu.

Siku ya dabi wakaguzi walipima kimo, wakaangalia vibamba, wakapitisha. Uwanjani niligonga zaidi kwa nyuma kama wengi wanavyofanya, lakini kwa mbele nililenga matairi ya watu na ile pua inafanya kazi, inaingia kwenye tairi mpaka fito za usukani zinapinda. Mwisho chesisi ndo ilikunjika, nyuma ya bampa, rejeta nzima kabisa! Bampa ina mkwaruzo na kibonyeo kidogo, naikata naihamishia kwenye gari lingine.

Kwahiyo kwa bampa 9/10, kwa miguu yao 3/10. Ukiagiza waambie wakuletee bampa tupu bila miguu wapunguze bei, waulize ndani wamechomelea mstari mzima au vipande, na kabla ya kulipa chukua karatasi ya sheria ya dabi unayoenda, kila kaunti ina zake, kuna ambazo bampa ya kutengeneza haziruhusu kabisa, wanataka ya kiwandani tu.