Elfu tatu yangu, na mabao niliyoyasikia kwa jirani

Fainali yenyewe ya Ligi ya Mabingwa Ulaya imeshapita zamani, ile ya Wembley, Real Madrid na Dortmund, lakini kila nikikumbuka damu inachemka upya. Kibanda nilikoitazamia kwenye skrini sitakitaja jina. Kiko Kisenyi hapa Kampala, na waliowahi kuingia watakijua kwa yale mabenchi yanayochana suruali.

Siku za kawaida mlangoni ni elfu moja. Siku hiyo elfu tatu. "Fainali hii, mzee wangu," kijana wa mlangoni akaniambia, huku akinichora mstari wa wino mwekundu mkononi kama ng'ombe wa mnadani. Mzee wangu! Sijafika hata arobaini. Nikanyamaza, nikanunua rolex yangu, chapati ya kuviringishwa na mayai mawili, hapo nje, nikaingia. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, ila jenereta ilinguruma nyuma ya ukuta, kwa hiyo hakuna aliyejali. Saa nne usiku mpira ukaanza.

Haki yao niwape: kipindi cha kwanza nilikula raha. Mimi ni wa Arsenal, fainali hiyo sikuwa na mtu, lakini Madrid nimewachoka, nikaamua usiku ule mimi ni wa njano. Dortmund wakawachezea walivyotaka. Adeyemi akabaki yeye na Courtois, akamzunguka, mpira ukamponyoka kuelekea pembeni. Füllkrug akagonga mwamba. Benchi zima likasimama, mtu akanimwagia chai mguuni wala hatukugombana. Skrini kubwa, picha safi, sauti inaishinda jenereta. Mapumziko yalipofika, kibanda kile ningekipa nyota tano na ya sita ningeitafuta.

Dakika ya sabini na kitu, bado hakuna bao. Reus anaingia, mechi yake ya mwisho na Dortmund, watu wanampigia makofi. Jenereta ikakohoa. Ikakohoa tena. Giza.

Mafuta yameisha. Mafuta! Umejaza watu mpaka wengine wanakaa chini, kila mmoja katoa elfu tatu, halafu unashindwa kujaza tangi kabla ya fainali?

"Kijana keshakwenda na kidumu," sauti ya mwenye kibanda ikasema huko gizani. Tukangoja. Mara ng'ambo ya mtaro, kwenye kibanda kingine, mabati yakatikisika kwa kelele. Bao. La nani? Jamaa mmoja nyuma yangu alikuwa na redio kwenye simu, watangazaji wa Kiganda, na Kiganda changu mimi ni cha kununulia nyanya. Akatafsiri: kona ya Kroos, Carvajal kapiga kichwa. Nikamwambia acha uongo, Carvajal yule mfupi, katikati ya majitu yale?

"Ssebo, kwani nimefunga mimi?"

Kelele ya pili: Maatsen katoa pasi mbovu, Bellingham kauwahi mpira, Vinícius kamaliza. Kelele ya tatu tulishangilia na sisi humo gizani, maana redio ilitaja Füllkrug, kisha tukasikia wa ng'ambo wanaguna. Kaotea.

Nikatoka, nikavuka mtaro. Kijana wa mlango wa kule akaumulika mkono wangu kwa simu. "Nyekundu si yetu. Elfu tatu." Na mpira umebaki dakika za kuhesabu! Nikachungulia kwenye tundu la mabati, nikaona kisogo cha mtu.

Nikarudi kwa mwenye kibanda. Sikutaka hela yote, nilitaka elfu moja tu, hata mia tano, moyo utulie. Alikuwa anahesabu noti kwa tochi, wala hakuinua uso. "Dakika sabini umetazama, mzee. Mabao yako mtandaoni, bure."

Hilo ndilo lililonikaba. Mafuta yanaisha, ni uzembe, lakini yanaisha. Ila Kampala hii, ambako ukijikwaa tu barabarani mtu usiyemjua anakwambia "bambi", yeye hata pole ya uongo ilimshinda. Kijana wa kidumu alirejea Madrid wakiwa wameshanyanyua kombe lao la 15. Jenereta ikawaka, skrini ikaja, tukaonyeshwa matangazo ya sabuni.

Basi nyota moja. Au mbili, kwa sababu kile kibanda cha ng'ambo nilikijaribu baadaye, na wachezaji wao wana ukungu, hujui nani ni nani mpaka atajwe. Na lile bao la Carvajal nimelitazama kwenye simu mara nyingi sana, ni kweli aliruka yule mfupi, lakini halinisisimui hata kidogo kama ile kelele ya mabati. Sasa hiyo nyota nimpe nani, mwenye kibanda? Thubutu. Moja, tena ya skrini.

Juzi nilipita pale, Arsenal wanacheza. Kijana yuleyule akanyoosha kalamu yake. Nikamwuliza, petroli mnayo? Hakunijibu. Akanishika mkono, akanizungusha nyuma ya ukuta, akafungua kifuniko cha tangi, akamulika. Imejaa hadi shingoni.

Nikampa mkono anichore.