Mafuta ya breki: DOT 4 au DOT 5 kwa gari la zamani?

Kwa Land Cruiser au Land Rover kuukuu inayopiga njia ya Iringa na kushuka mteremko wa Nyang'oro na mzigo, weka DOT 4. Inachanganyika na DOT 3 iliyomo, na ikiwa mpya huchemka kuanzia 230°C; DOT 3 ni 205. Ubaya wake hunyonya unyevu: ikishalewa maji kiwango cha kuchemka hushuka hadi 155, mvuke hujaa kwenye mabomba na pedali inazama mpaka chini. Badilisha kila miaka 2. Ikidondokea rangi, mwagia maji haraka, maana inaibabua.

DOT 5 ni silikoni, kwa kawaida ya zambarau. Haili rangi wala hainyonyi maji, hivyo inafaa gari la maonyesho linalolala gereji. Lakini hushika vipovu, pedali inakuwa laini, na maji yakiingia hutuama chini na kutia kutu. Usiichanganye kamwe na DOT 4: ukihamia DOT 5, safisha mfumo wote, badilisha raba za masta silinda (pampu kuu ya breki) na za silinda za magurudumu. (DOT 5.1 si silikoni, ni ndugu ya DOT 4.)

Kutoa upepo kwenye breki, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Chupa iliyokaa wazi usiitumie.