Bima kubwa, gereji ya mkataba na bampa la mbele: uzoefu wangu

Nimepitisha madai 3 ya bima kubwa, yote ya kugongana mwendo wa foleni, na yote yameumiza gari mbele. Kampuni siitaji. Naipa nyota 3 kati ya 5: inalipa, ila inalipa kile tu kilichoandikwa. Gereji waliyonipangia naipa 2 na nusu, na hiyo nusu ni ya fundi rangi peke yake.

Kuripoti ni rahisi, wala hakuna maneno mengi. Kama pana usalama, piga picha kabla gari halijasogezwa: kona zote 4 na namba ya usajili ionekane, kila jeraha kwa karibu, kisha dashibodi ikiwa imewashwa ili kilomita na taa za onyo zisomeke. Hii ya dashibodi wengi huisahau, nayo ndiyo inayoonyesha taa ya mifuko ya hewa ilikuwaje siku ile ile ya ajali. Usimruhusu fundi avue hata skrubu moja kabla mkadiriaji, yaani mtu wa bima anayekagua hasara, hajafika.

Mkadiriaji ndiye pa kuweka nguvu zako. Anafika, anazunguka gari, anapiga picha zake na kuandika: bampa kubadili, taa ya kushoto kubadili, fenda kunyoosha. Anaandika anachokiona, basi. Tatizo ni kwamba bampa ni plastiki. Linabonyea, linarudi, linabaki na mchubuko wa kuchekesha huku nyuma yake kumeharibika. Nyuma ya bampa kuna povu, kuna chuma cha kupokea kishindo, kuna mabano ya taa, kisha kondensa ya AC (kipoza gesi yake), ndipo rejeta na feni. Kondensa imekaa mbele ya rejeta, kwa hiyo inaumia kwanza. Ufa wake unaweza kuwa mdogo kiasi kwamba gesi inaisha polepole, na wewe unakuja kugundua gari halipoi wakati faili limeshafungwa. Povu nalo likishapasuka halina matengenezo, ni kubadili tu.

Kwa hiyo dai bampa lifunguliwe mkadiriaji akiwepo. Akikataa, gereji ifungue kabla ya kuagiza spea yoyote, ipige picha, iandike orodha ya nyongeza, iipeleke bima na isubiri idhini kwa maandishi. Gereji nyingi hazipendi hatua hii kwa sababu gari linakaa linawajazia nafasi. Wakiiruka, kuna mambo mawili. Ama watakudai wewe mwishoni kwa kile "kilichopatikana baadaye", ama watafidia kimya kimya kwenye kazi iliyokwisha kubaliwa: taa iliyoandikwa mpya inafungwa ya mtumba iliyong'arishwa. Angalia masikio ya taa yanaposhikwa na bolti; ya mtumba mara nyingi huwa yamevunjika na kugundishwa.

Kwenye orodha hiyo hakikisha kila spea imeandikwa aina yake: orijino mpya, ya kuiga mpya, au iliyotumika. Neno "taa" pekee linawaachia wao kuchagua. Klipu na vishikizo vya bampa navyo viandikwe, japo ni vitu vidogo. Bila hivyo bampa jipya linafungwa kwa skrubu za kubahatisha, na baada ya muda linaning'inia upande mmoja wa fenda.

Makato ndiyo yanayowatoa watu machozi, na mengi yamo kwenye mkataba tangu siku ya kwanza. Kuna kiasi unachobeba mwenyewe, kuna uchakavu wa spea kwa gari la zamani, na kuna kosa la kuandikisha gari kwa thamani ndogo ili ada ipungue. Mkataba ukiwa na kifungu cha uwiano, gari la thamani ya 100 ulilolikatia bima ya 70 litalipwa asilimia 70 ya hasara: hasara ya 20 inakuwa 14, na kile kiasi chako bado hakijatolewa.

Kuhusu fenda ya "kunyoosha": kibonyeo kilicho katikati ya bati kinanyooka vizuri, ila kikivuka mstari wa bodi au ukingo wa tairi, fundi mvivu atajaza puti, ile lipu ya kuziba mabonde kabla ya rangi. Puti ikizidi milimita 3 hivi inaanza kuwa hatari ya kupasuka au kubanduka. Kipimo cha unene wa rangi kinamaliza ubishi: rangi ya kiwandani kwa kawaida husoma kati ya mikroni 100 na 180, ukiona 400 na zaidi, chini kuna puti au rangi juu ya rangi. Huna kipimo? Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chembamba inatosha, italegea penye puti nene. Haishiki alumini wala plastiki, kwa hiyo usimshtaki fundi bure kwenye bampa.

Rangi inategemea namba iliyo kwenye kibandiko cha gari, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango. Toyota nyeupe 040 ni ya kawaida na haina taabu. Nyeupe lulu 070 ina hatua 3, yaani msingi, lulu na klia (tabaka angavu la juu), na tabaka la lulu likizidi tu kivuli kinabadilika. Kwa rangi za lulu na metaliki, fundi mzuri hufifisha rangi hadi paneli ya jirani. Bima huwa hawapendi kulipia paneli ambayo haikugongwa. Omba kazi hiyo kwenye orodha ya nyongeza, si baada ya kupuliza.

Siku ya kuchukua gari nenda mchana, likiwa kavu. Linganisha mwanya wa boneti kushoto na kulia. Washa swichi: taa ya mifuko ya hewa lazima iwake sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, ama taa yenyewe imekufa, ama kuna mtu ameizima makusudi. Elekeza taa kubwa ukutani uone kama moja inatazama juu. Kama gari lina kamera nyuma ya kioo au rada nyuma ya bampa, uliza kama vimepimwa upya.

Watakuletea hati ya kuridhika na kalamu, na maneno matamu: "weka sahihi tu bosi, madogo tutarekebisha." Ukisaini hivyo, bima inalipa gereji na madogo yanabaki yako. Andika kasoro juu ya sahihi yako, piga picha hati nzima. Kisha omba uonyeshwe spea zilizotolewa, hata kama kwa mkataba ni mali ya bima. Taa uliyolipiwa mpya lazima ile iliyovunjika iwe mahali fulani. Wasipokuwa nayo, andika hilo pia kwenye hati.