Jenerali Ross na jitu lake: uanze kununua kitabu kipi

Tangu filamu ya Captain America ya mwaka 2025 imgeuze Harrison Ford kuwa jitu jekundu, watu wanauliza: huyu mzee ni nani, na nikitaka kumsoma nianzie wapi? Mzee ni Jenerali Thaddeus Ross, maarufu kama Thunderbolt, mwanajeshi wa Marekani wa katuni za Marvel ambaye kazi yake tangu Mei 1962 ni moja: kumwinda Hulk. Vitabu alivyomo ni vingi kupita kiasi, na jina la Hulk limebandikwa kwenye kila kitu. Ukinunua bila mpango, unaweza kupata kitabu kizuri tu ambacho Ross hayumo kabisa, au yumo kurasa tatu akipiga kelele kwenye redio ya jeshi.

Ninapopanga vitabu hivi natazama kwanza kama Betty yupo. Betty ni binti wa jenerali, na mwanamume aliyempenda ni Bruce Banner, mwanasayansi ambaye akikasirika hugeuka Hulk. Ukiondoa vifaru na makombora, kinachobaki ni baba anayemkataa mkwe wake kwa jeshi zima, tena kwa pesa za serikali. Mwandishi akilisahau hilo, Ross anabaki masharubu na makelele tu.

Cha kwanza: Hulk: Gray

Kama mfuko unaruhusu kitabu kimoja, nunua hiki na vingine uazime. Kiliandikwa na Jeph Loeb na kuchorwa na Tim Sale, kikatoka kwa matoleo sita kati ya 2003 na 2004, na yote sita yamefungwa pamoja katika kitabu kimoja. Hakuna juzuu ya pili ya kukimbizana nayo. Kwa sisi ambao kila kifurushi kinatoka ng'ambo na nauli yake, hilo si jambo dogo.

Kisa kinarudi siku za mwanzo kabisa, bomu la gama, lile lililomfanya Banner awe Hulk, likiwa limelipuka juzi tu na Hulk akiwa bado wa kijivu. Anayesimulia ni Banner mwenyewe, miaka mingi baadaye. Ni usiku wa kumbukumbu ya ndoa yake na Betty, ambaye wakati huo ni marehemu, na Banner amemwendea daktari wa akili, Leonard Samson. Samson hamwachi asimulie anavyotaka. Anamkatiza, anamhoji, anamrudisha nyuma. Katika mabishano hayo Ross anachomoza kidogo kidogo. Unamwona akimwamrisha binti yake kwa sauti ileile anayowaamrishia askari, na unaanza kuelewa kwa nini msichana aliyelelewa kambini na mtu wa namna hiyo hakulikimbia jitu kama walivyolikimbia wengine. Baba na zimwi wamewekwa bega kwa bega, na kitabu kinakuachia wewe uwalinganishe.

Sale, aliyefariki mwaka 2022, anamchora Hulk kama mlima wa kijivu uliowekwa katikati ya dunia yenye rangi. Kuna kurasa ambazo hata usiposoma neno utazielewa. Wapenzi wa ngumi watalalamika kwamba mazungumzo ni mengi. Waache walalamike.

Cha pili: Red Hulk chini ya Jeff Parker

Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa sababu wanunuzi wengi hupotea. Mwaka 2008 Marvel walianzisha mfululizo mpya ulioitwa Hulk tu, wakaleta jitu jekundu bila kusema ni nani. Jibu lilikuja katika toleo la 23, mwaka 2010: ni Ross mwenyewe. Mwindaji amejifanya windo ili alishinde windo. Mwandishi wa sehemu hiyo ya kwanza alikuwa Loeb yuleyule wa Gray, naye aliishia toleo la 24. Kuanzia la 25 kalamu ilishikwa na Jeff Parker, michoro ikiwa ya Gabriel Hardman.

Parker alipokea mtu ambaye siri yake ilishamwagika, na ndipo utamu ulipoanza. Ross hana tena cheo, na dunia inaamini amekufa. Anatumwa kazi na Steve Rogers, yule Captain America wa asili, na katika kazi hizo analazimika kushirikiana na Banner, mtu aliyemfukuza jangwani kwa miongo. Kisha anatokea Jenerali Reginald Fortean, afisa aliyemheshimu Ross kama mwalimu wake, ambaye sasa anamsaka Red Hulk usiku na mchana akiamini kwamba huyo ndiye aliyemuua Ross. Ross anamwelewa kijana huyu kuliko mtu yeyote, maana njia zake zote ni zile alizozipita yeye. Lakini hawezi kufungua mdomo bila kujianika.

Betty hayuko mbele sana katika sehemu hii, na kwa kipimo changu mwenyewe kingestahili kushuka. Nimekiacha hapa kwa sababu Fortean anaziba pengo lile la mtoto: ni mtu anayempenda mzee na anayetaka kumuua kwa sababu ya upendo huohuo.

Mnunuzi awe macho na namba. Juzuu ya kuanzia inaitwa Scorched Earth, nayo inaanza na toleo la 25. Fortean anaingia katika toleo la 30.1, kwa hiyo hiyo juzuu ya kwanza peke yake haitakupa kile ninachokisifu. Kabla ya kulipia inayofuata, hakikisha namba 30.1 imo.

Cha tatu: matoleo sita ya 1962

Haya ndiyo chimbuko, The Incredible Hulk ya Stan Lee na Jack Kirby, isipokuwa la sita ambalo lilichorwa na Steve Ditko. Mfululizo ulikufa baada ya hayo sita, mapema mwaka 1963, kabla Hulk hajafufuliwa ndani ya jarida la Tales to Astonish. Katika toleo la kwanza utamkuta Ross akiwa amekosa subira na majaribio ya Banner, akimdharau mbele ya watu kwa ulegevu wake. Hapo bomu bado halijalipuka. Chuki ya jenerali ni ya zamani kuliko jitu lenyewe. Katika la tatu anamlaghai kijana Rick Jones, rafiki wa Banner, amvute Hulk hadi ndani ya roketi, kisha anamrusha angani. Utacheka, halafu utajiuliza kama ulipaswa kucheka.

Jambo la kulifuatilia unaposoma: Ross hajui kwamba Hulk ni Banner. Siri hiyo ilikuja kufichuka mwaka 1966, katika toleo la 77 la Tales to Astonish. Katika miaka ile yote alimsaka mmoja na kumdharau mwingine, na wote wawili ni mtu yuleyule.

Chapa ya bei nafuu ni ile ya mfululizo wa Mighty Marvel Masterworks, juzuu ya kwanza, The Green Goliath. Ilitoka 2021 kwa bei ya jalada ya karibu dola 16, na ina matoleo yote sita. Kurasa zake ni ndogo kuliko za katuni ya kawaida, hivyo maandishi nayo yamepungua; mwenye macho yaliyochoka atateseka, kwa sababu Stan Lee hakuwa mtu wa maneno machache. Huyo achukue Man or Monster? ya mfululizo wa Epic Collection. Ni kubwa na ghali zaidi, lakini inaongeza hadithi za Hulk kutoka majarida mengine ya miaka hiyo, ikiwemo Fantastic Four la 12, ambamo Ross anakwenda kuwaomba wale mashujaa wanne wamsaidie kumkamata. Kuna pia la jalada gumu. Hilo ni la kupamba rafu.

Cha nne: harusi ya John Byrne

Mwaka 1986, katika toleo la 319 la The Incredible Hulk, Betty na Bruce wanafunga ndoa hatimaye. Ross anaingia na bastola. Anampiga risasi Rick Jones. Betty, akiwa katika mavazi ya bibi harusi, anasimama mbele ya baba yake na kumtolea yote aliyoyameza tangu utotoni, mpaka mzee anaachia silaha. Miaka ishirini na kitu ya kuwinda, na anayemaliza kazi ni binti, kwa maneno.

Kwa ukurasa kwa ukurasa, sijui kama kuna mahali pengine Ross ameandikwa vizuri kuliko hapo. Kipo nafasi ya nne kwa sababu mbili: kabla ya harusi Ross hana mengi ya kufanya, na mkusanyo wenye matoleo ya 314 hadi 319, Hulk Visionaries: John Byrne juzuu ya kwanza, ni chapa ya zamani. Mara nyingi utaupata kwa mitumba, na wauzaji wa mitumba siku hizi wanajua wanachokiuza.

Ukiwa kwenye miaka hiyo, ukikutana na toleo la 291 la Bill Mantlo, la 1984, usiliache. Linamwonyesha Ross baada ya kushirikiana na maadui wa nchi yake ili tu Hulk afe, naye ameachwa peke yake na aibu yake.

Cha tano: Red Hulk ya mwanzo

Ndicho wengi wanachokitafuta baada ya filamu, na ndicho chenye jalada la kuvutia kuliko vyote. Michoro ya Ed McGuinness ni mikubwa, mizito, yenye misuli hata kwenye vidole. Red Hulk anamuua Abomination, adui wa zamani wa Hulk, kwa bunduki, halafu anampiga ngumi Uatu, yule Mtazamaji wa mwezini. Ukinunua kwa ajili ya mtoto wa miaka kumi na mitatu, atafurahi, ingawa damu imo.

Shida ni kwamba kisa kizima kilijengwa juu ya kitendawili, na wewe jibu unalijua tayari. Wasomaji wa wakati huo walisubiri zaidi ya miaka miwili. Juzuu ya kwanza ina matoleo sita ya mwanzo na haifichui kitu. Ili ufike toleo la 23 unahitaji juzuu kadhaa zaidi. Ni pesa nyingi kwa siri uliyokwisha kuambiwa sinemani.

Vizuri, ila si kwa ajili ya Ross

Planet Hulk ya Greg Pak ni hadithi tamu, lakini inatokea sayari nyingine na jenerali kabaki duniani. Mfululizo mrefu wa Peter David unasifiwa kwa haki. Tatizo ni kwamba Ross alikufa katika toleo la 330, mwaka 1987, na Visionaries ya kwanza ya David inaanza na la 331. Alirudishwa baadaye, kama wanavyorudishwa wote, ila utamsubiri sana. Katika Thunderbolts ya 2012 Ross anaongoza kikosi chenye Punisher, Elektra na Deadpool. Betty simkumbuki humo.

Immortal Hulk ya Al Ewing na Joe Bennett, matoleo 50 kuanzia 2018 hadi 2021, ni kazi bora ya Hulk ya miaka ya karibuni. Mwindaji humo ni Fortean. Ukimaliza Parker, nenda moja kwa moja huko uone ugonjwa wa mwalimu unavyomla mwanafunzi. Ni ya kutisha kwelikweli, usimpe mtoto.

Karatasi au simu

Kama lengo ni kusoma tu, usajili wa Marvel Unlimited unashinda hesabu zote za hapo juu: kwa ada ya mwezi au ya mwaka unasoma maelfu ya matoleo, ukiyatafuta kwa namba zake. Ukiacha kulipa, huna kitu. Kununua kidijitali kwa Kindle ni kati kwa kati. Kadi si lazima iwe ya benki; kadi pepe ya Visa inayotolewa kupitia M-Pesa, Kenya na Tanzania, hutumika kwa malipo ya mtandaoni. Msomaji wa Bukavu au Bujumbura ambaye Kifaransa kimemkaa kuliko Kiingereza akumbuke kwamba Panini wanatoa katuni za Marvel kwa Kifaransa, ila majina na mpangilio wa juzuu si lazima yafanane na haya niliyoyataja.

Kwa karatasi, jumlisha nauli na kodi ya forodha kabla ya kufurahia bei. Vitabu viwili vikubwa katika kifurushi kimoja mara nyingi ni nafuu kuliko kimoja kimoja. Na kwa mitumba, "Hulk Vol. 1" inaweza kuwa kitabu chochote kati ya vitano au sita tofauti. Mwombe muuzaji picha ya ukurasa wa haki za chapa, ule wenye orodha ya matoleo yaliyomo, na nyingine ya uti wa kitabu. Asipotaka kupiga picha hizo mbili, tafuta mwingine.